Ardhi ya Umma, Faida ya Nani? Historia ya Viwanja vya Dar es Salaam

Mtu yeyote aliyewahi kutafuta kiwanja Dar es Salaam anayajua mambo mawili ambayo kwa muda mrefu sheria haikutaka yakae pamoja. La kwanza ni kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. La pili ni kwamba ardhi hiyohiyo ina bei, na bei hupanda pale tu fununu ya barabara ya lami inapofika mtaani. Historia nzima ya jiji hili imepita kati ya mambo hayo mawili, tangu lilipokuwa makao ya Wajerumani hadi leo linapokaliwa na watu zaidi ya milioni tano. Wako wanaosema kosa lilikuwa kuifanya ardhi kuwa ya umma, na kwamba dawa ni kuigawa moja kwa moja iwe mali ya watu binafsi. Ushahidi wa historia unanipeleka kwingine. Kumilikisha kwa muda ni chombo kizuri kwa mji unaokua kwa kasi. Kilichotuangusha ni dola kujitwalia cheo cha mwenye ardhi bila kufanya kazi ya mwenye ardhi: haikutoa viwanja kwa wakati, haikudai kodi inayolingana na thamani, na kwa miongo mingi ilikana hata kwamba thamani hiyo ipo. Bei iliyokataliwa ofisini haikufa. Ililipwa nje, kwa watu wengine, na jiji likabaki bila fedha za kujengea njia na mifereji.

Mji wenyewe ulianza miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipojenga kando ya kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulisimama, na mji ukazubaa mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Miaka minne baadaye, Novemba 1895, ikatoka amri ya Kaiser iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya Taji, na mzigo wa kuthibitisha umiliki ukawekwa juu ya yule anayedai. Kwa mlowezi au mfanyabiashara mwenye karatasi, jambo hilo halikuwa gumu. Kwa Mzaramo ambaye ushahidi wake ulikuwa minazi, makaburi ya wazee na neno la majirani, lilikuwa gumu mno. Pwani ilikuwa na utaratibu wake wa mali: mnazi uliweza kuwa wa mtu mmoja na udongo wa mwingine, na mauziano ya miti yalishuhudiwa mbele ya watu waliojua nani alipanda nini. Amri ya 1895 haikuukanusha utaratibu huo waziwazi. Iliweka tu mizani nyingine, ambayo karatasi ilikuwa nzito kuliko mti, na kuanzia hapo aliyekuwa karibu na ofisi ya karatasi akawa mbele ya wenzake wote.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, na kwa maneno yake sheria hiyo ilikuwa ya ukarimu. Ardhi iliitwa ya umma, ikawekwa chini ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji, na hakuna aliyeweza kupewa zaidi ya haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini mjini muda huo haukugawanywa sawa. Kulikuwa na Uzunguni, kulikuwa na Uhindini, na kulikuwa na Kariakoo na Ilala kwa ajili ya Waafrika. Kariakoo ilijengwa juu ya shamba ambalo serikali ya Kijerumani ililinunua mwaka 1914, na jina lake likatokana na kikosi cha wapagazi wa vita waliopiga kambi pale. Katika maeneo mawili ya kwanza mtu aliweza kupata miaka 99, kwa sharti la kujenga nyumba ya kiwango kilichotakiwa. Katika eneo la tatu mwenye nyumba alikalia kiwanja mwaka hadi mwaka, akilipa kodi ya kiwanja kila mwaka, bila hati ya muda mrefu. Wenye miaka 99 waliweza kukopa benki na kupandisha ghorofa. Mwenye mwaka mmoja hakuwa na cha kuweka rehani, akajenga kwa miti, udongo na makuti, kisha kidogokidogo kwa mabati. Ramani ya rangi za watu ilichorwa kwa vipimo vya ujenzi na kwa urefu wa muda, na ilidumu kuliko bango lolote la ubaguzi.

Hata hivyo soko halikusubiri ruhusa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi, na uani kwa ajili ya jiko, kisima na choo, ilikuwa kitega uchumi kamili. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki kwa makuli wa bandarini, mafundi na makarani. Kwa namna hiyo watu ambao sheria iliwapa mwaka mmoja waliwapa makazi sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mji, kazi ambayo serikali ya kikoloni haikutaka kuigharimia. Jambo hili lafaa likumbukwe kila tunapofika mahali pa kuamua. Udhaifu wa haki haukuzuia biashara ya makazi. Uliamua tu itajengwa nyumba ya namna gani, na nani ataweza kuifanya nyumba hiyo kuwa msingi wa mali kubwa zaidi.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta pendekezo la kuwaruhusu Waafrika kumiliki ardhi moja kwa moja kama mali binafsi, na Julius Nyerere akalipinga katika kijitabu chake Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba katika nchi ya watu maskini, ardhi ikishaweza kununuliwa kama bidhaa yoyote, watakaoinunua ni wachache wenye fedha, wengi wao wageni, na wenyeji watageuka wapangaji katika nchi yao. Mtu aliyeutazama mji wa Dar es Salaam wakati ule hakuweza kuipuuza hoja hiyo, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa ushahidi wa nini hutokea fedha na karatasi zinapokutana mikononi mwa wachache. Baada ya uhuru msimamo huo ukawa sheria. Mwaka 1963 umiliki wote wa kudumu uliorithiwa kutoka kwa Wajerumani uligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi chini ya masharti ya kuiendeleza. Kwa hatua hizo mbili kila mwenye ardhi mjini alisimama, angalau kwenye sheria, juu ya msingi mmoja na mwenzake. Yalikuwa mafanikio makubwa ya haki, na sioni sababu ya kuyabeza.

Lakini pamoja na umiliki wa kudumu, nchi ilitupa kitu kingine ambacho haikulazimika kukitupa, nacho ni bei. Msimamo wa sheria ukawa kwamba ardhi tupu haina thamani. Chenye thamani ni maendelezo tu, yaani jasho la mtu: nyumba, kisima, mazao, miti. Kwa shamba la kijijini fikra hiyo ilieleweka. Kwa mjini ilikuwa kufumba macho. Kiwanja cha karibu na bandari na kiwanja cha Mbagala havitofautiani kwa jasho la mwenyewe. Vinatofautiana kwa barabara, maji, soko na wingi wa watu, vitu vilivyoletwa na jamii nzima. Kama dola ndiyo mdhamini wa jamii, basi tofauti hiyo ndiyo hasa ilikuwa haki yake kuikusanya. Badala yake kiwanja kikatolewa kwa maombi na ada ndogo, na kodi ya pango la ardhi ikawekwa kwa viwango vya chini ambavyo mfumuko wa bei uliendelea kuvila. Wakati huohuo, mwaka 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mamlaka za miji zikafutwa, zisirudishwe mpaka mwaka 1978. Ardhi ya umma ikaachwa bila mtu wa kuihesabu wala wa kuidai kodi, katika miaka ileile ambayo watu walikuwa wakimiminika mjini kuliko wakati wowote uliotangulia.

Hesabu za sensa zinaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu takriban 270,000, na mwaka 1978 walikuwa wamezidi 840,000. Serikali haikukaa bure. Kuanzia mwaka 1972 iliachana na sera ya kubomoa vitongoji duni, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia ikapima viwanja vyenye huduma za awali Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha makazi ya Manzese na Mtoni. Ulikuwa uamuzi wa busara, na mitaa ya Sinza iliyonyooka ni shahidi hadi leo. Ila mradi huo ulikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na foleni ikabaki. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 maombi ya viwanja yaliyopelekwa ofisini yalizidi 260,000. Viwanja vilivyotolewa havikufika 18,000. Maana yake ni kwamba kati ya waombaji 14 au 15, alipata mmoja. Kitu chenye thamani kubwa kikitolewa kwa ada ndogo, na wanaokitaka ni mara 14 ya kilichopo, kugawa kwake huhamia kwa anayemjua ofisa, anayeweza kusubiri, au anayeweza kulipa pembeni. Hata Sinza, iliyokusudiwa watu wa kipato cha chini, viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye nafasi, kwa sababu tofauti kati ya ada ya serikali na bei ya mtaani ilikuwa faida iliyomngoja yeyote atakayeishika.

Wale waombaji wengine 13 au 14 hawakurudi kwao. Walikwenda Kimara, Tandale, Vingunguti, Mbagala na Gongo la Mboto, na huko wakakuta soko lenye taratibu zake. Dalali alimpeleka mnunuzi kwa mzee mwenye shamba la mihogo na mikorosho. Mzee na mnunuzi walipima kwa hatua, tuseme 20 kwa 20, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye safu ya minyaa iliyopandwa kama mpaka. Walirudi kukaa kwa mjumbe wa nyumba kumi, ikachanwa karatasi ya daftari la shule, yakaandikwa majina ya muuzaji, mnunuzi, mashahidi wa kila upande na majirani wa pande nne, wenye kujua kuandika wakatia sahihi na wengine dole gumba, kisha mhuri. Ada ya ofisi ya mtaa mara nyingi ilikuwa asilimia 10 ya bei. Kwa kuwa sheria haikuitambua bei ya ardhi tupu, makubaliano mengi yaliandikwa kwa hadhari: kilichouzwa kilikuwa banda, msingi wa nyumba, au minazi mitano, ingawa kila aliyekuwepo alijua kilichonunuliwa ni nini. Soko hilo lilikuwa na msajili wake, mashahidi wake, hata kodi yake. Liliwapa watu wa kipato cha chini mahali pa kujenga kwa haraka na kwa bei waliyoweza kuilipa kwa awamu, na kwa hilo lastahili heshima kuliko jina la makazi holela tulilolipa.

Lakini soko hilo lilikuwa na upungufu mmoja ambao hakuna mjumbe aliyeweza kuurekebisha. Kila mzee alikata shamba lake mpaka hatua ya mwisho, kwa sababu kila hatua ilikuwa fedha, na hakuna mnunuzi aliyemlipa kwa ajili ya barabara itakayowafaa wengine, wala kwa ajili ya mfereji, shule au uwanja. Kwa hiyo nyumba zilisogeleana mpaka njia zikabaki za watu wawili kupishana kwa shida. Gari la kunyonya maji taka halifiki, gari la zimamoto halifiki, na mgonjwa hubebwa mpaka barabarani. Mabondeni watu walijenga kwa sababu ndiko kulikobaki rahisi. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulipofurika, watu walipoteza maisha, na waathirika wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, mbali na riziki zao. Makadirio ya miaka mingi yanaonyesha kwamba karibu asilimia 70 au zaidi ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Wengi wao hawakuvamia ardhi ya mtu. Waliinunua kwa bei ya soko, na kilichokosekana ni mwenye ardhi mkuu aliyetakiwa kukata barabara kabla ya viwanja.

Ukweli huo ulianza kuingia kwenye sheria katika miaka ya 1990. Mwaka 1991 Rais aliunda tume ya uchunguzi wa masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko, na mwaka 1992 ikapendekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe mikononi mwa watendaji wa serikali. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki. Mwaka 1995 ikaja Sera ya Taifa ya Ardhi, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Humo kanuni iliyokuwa imekanwa kwa miongo mitatu ikaandikwa: maslahi katika ardhi yana thamani, na thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Marekebisho ya mwaka 2004 yakalegeza zaidi masharti ya kuuza na kuweka rehani ardhi isiyoendelezwa. Ofisi ilikuwa imeufikia mtaa.

Kilichofuata kinafundisha zaidi, kwa sababu kinaonyesha kukiri bei peke yake kunaweza nini na hakuwezi nini. Kuanzia mwaka 2004, wakati serikali ilipokuwa pia ikiandaa mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, MKURABITA, kwa kufuata mawazo ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto, wenye nyumba katika makazi yasiyopangwa walianza kupewa leseni za makazi, za miaka miwili mwanzoni na baadaye mitano. Matumaini yalikuwa kwamba karatasi ingefungua mlango wa benki. Baadhi walikopa, lakini wengi hawakukopa wala hawakurudi kuhuisha leseni zao, na hawakuwa wajinga. Benki haikopeshi karatasi peke yake. Inatazama kipato cha mkopaji, na inatazama kama nyumba inafikika na itauzika. Wala mwenye nyumba hakuona kwa nini alipie karatasi ya muda mfupi wakati makubaliano ya kwa mjumbe tayari yalimhakikishia kwamba majirani wanamtambua. Urasimishaji wa miaka iliyofuata, wa kupima mtaa mzima na kutoa hatimiliki kamili, umekwenda mbali zaidi, lakini nao hukuta nyumba zimekwisha kusimama, na kila mita ya barabara hupatikana kwa kumwomba mtu arudishe ukuta wake nyuma.

Jaribio la pili, mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, lilifuata njia nyingine. Hazina ilikopesha fedha, ardhi ya pembezoni ikatwaliwa kwa fidia, ikapimwa, barabara zikachongwa, na viwanja vikauzwa kwa bei iliyokusudiwa kurudisha gharama yote. Maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma na Buyuni yakapangwa kabla ya kujengwa, na mwisho wa hesabu viwanja vilivyopimwa vilikuwa karibu mara mbili ya lengo. Hapa palithibitika jambo ambalo miaka 30 ya foleni ilikuwa imelificha: upimaji unaweza kujilipia. Makosa yake nayo yalikuwa makubwa. Waliolipwa fidia kwa mashamba yao hawakuweza kununua viwanja vilivyopimwa juu ya mashamba hayohayo, wakasogea mbele kukata vichaka vingine. Malipo yalitakiwa kwa muda mfupi ambao mtu wa mshahara mdogo hakuumudu. Na kwa kuwa baada ya kununua kodi ya pango la ardhi ilikuwa ndogo, wengi walifunga viwanja vyao wakisubiri bei, maji na umeme vikachelewa, na majani yakaota juu ya bikoni kwa miaka. Mradi uliuza thamani mara moja mwanzoni, ukaacha ongezeko lote la baadaye kwa yeyote aliyemudu kusubiri.

Hapo ndipo anaposimama mpinzani wa kwanza na kusema: kama dola imeshindwa kuwa mwenye ardhi kwa miaka mia, iachie, kila mtu apewe umiliki wa kudumu. Jirani zetu wametupa jibu. Nairobi ilikuwa na umiliki wa kudumu na ukodishaji wa miaka 999 tangu ukoloni, na Kibera na Mathare zilikua papo hapo kando ya hati hizo imara. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi viwanja vya umma, vikiwamo vya shule, masoko na barabara, vilivyogawiwa watu wenye ukaribu na madaraka, na hati zao zikawakinga vizuri kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaona lazima kumwekea asiye raia kikomo cha miaka 99. Hati yenye nguvu humlinda aliyekwisha kupata. Haichongi barabara, haipimi kiwanja kipya, na haimwulizi mwenye eneo tupu katikati ya mji kwa nini anaketi juu ya thamani iliyojengwa na wengine. Kweli, muda mfupi huleta hofu, na Dodoma imeonyesha hivyo: manung'uniko juu ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu na ukodishaji wake wa miaka 33 yalikuwa miongoni mwa sababu za kuvunjwa kwake mwaka 2017, na wamiliki wakaahidiwa miaka 99. Lakini hofu ile ilitibiwa kwa kurefusha muda na kuweka wazi masharti. Kuuza ardhi ya umma moja kwa moja hakukuhitajika.

Mpinzani wa pili anatoka upande mwingine, nami namheshimu zaidi. Anasema kudai kodi inayolingana na thamani kutawafukuza maskini mjini. Ningekubaliana naye kama maskini wangekuwa wanakaa bure. Ushahidi wa mitaa unasema walilipa bei ya soko tangu siku ya kwanza, wakaongeza ada ya ofisi ya mtaa, wakaongeza maji ya kununua kwa ndoo, wakaongeza nauli. Aliyepata ardhi kwa bei ya chini ya soko kwa miaka yote hiyo ni yule aliyemilikishwa kiwanja kikubwa karibu na bahari kwa ada ya serikali. Kodi inayofuata thamani humgusa huyo kwanza, pamoja na mwenye viwanja kumi vyenye majani. Yule wa Tandale angehitaji kulindwa kwa viwanja vidogo, malipo ya awamu ndefu na kiwango cha chini kisichotozwa kodi, na yote hayo yanawezekana pale tu mfuko una kitu ndani. Shenzhen, China, ilipopiga mnada wa kwanza wa kukodisha ardhi ya dola Desemba 1987, kwa miaka 50, ilionyesha kwamba mji unaweza kupata fedha za ujenzi bila kuuza ardhi yenyewe. Tena miji ya China ikaonyesha hatari yake: serikali ya mji ikizoea kuishi kwa mauzo ya mwanzo, hutaka bei ipande daima. Ndiyo sababu kodi ya kila mwaka, inayokadiriwa upya kadiri mji unavyokua, ni salama kuliko donge la siku moja.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: nani ataiamini dola na fedha hizo, ilhali ofisi ndizo zilizogawa kiwanja kimoja kwa watu wawili, na zilizotangaza mwaka 2008 mji mpya wa Kigamboni kisha wakazi wake wakaishi miaka wamezuiwa kujenga bila kulipwa? Sina jibu jepesi, na historia niliyoieleza haimpi mtu haki ya kuwa nalo. Lakini inaonyesha kwamba upendeleo ulistawi hasa pale bei ilipofichwa. Kiwanja kikitangazwa hadharani, kwa bei inayojulikana, kwenye daftari ambalo mwananchi yeyote anaweza kulisoma, ofisa hubaki na kidogo cha kuuza pembeni. Fidia ikilipwa kabla ya jembe la serikali kuingia, na kwa thamani ya soko kama sheria yenyewe inavyotaka, mzee wa mikorosho anakuwa mshirika wa upimaji badala ya kuukimbia. Anaweza hata kulipwa kwa viwanja vilivyopimwa juu ya shamba lake mwenyewe. Na pendekezo la tume ya Shivji, la kutenganisha udhamini wa ardhi na mkono wa watendaji, linastahili kusomwa upya, kwa sababu swali ililouliza, nani amsimamie msimamizi, bado halijajibiwa.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 5.4 Dar es Salaam, na mji umekwisha kuvuka mipaka ya mkoa kuelekea Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga. Huko leo mashamba yanakatwa kwa hatua kama yalivyokatwa Kimara miaka 40 iliyopita, na madalali wako mbele ya wapimaji kama kawaida. Gharama ya kutenga barabara kuu, mifereji na maeneo ya shule wakati shamba bado ni la mihogo ni ndogo, na kodi ya viwanja vitakavyozunguka barabara hizo inaweza kuirudisha. Gharama ya kufanya hivyo baada ya nyumba kusimama tumeiona Manzese, Vingunguti na bonde la Msimbazi. Vizazi viwili vilivyotangulia vilituachia urithi ambao miji mingi duniani imeupoteza, yaani ardhi ambayo kisheria bado ni yetu sote na thamani yake inaweza kudaiwa kwa ajili ya wote. Urithi huo una maana siku mamlaka ya mji inapotimiza wajibu wa mwenye ardhi: kupima kabla ya watu kufika, kutaja bei hadharani, kutoza kodi kwa thamani, na kurudisha fedha hizo barabarani. Ikishindwa, ardhi itaendelea kuitwa ya umma, na faida yake itaendelea kwenda kwa wachache waliowahi.